Vidole vya Mwashi na Kibali cha Roketi

Leland Brungardt alikuwa na vidole kumi kama watu wengine wote wa Kansas, ila havikuwa na alama. Miaka arobaini na moja ya kushika matofali na kuchezea chokaa ilikuwa imezila zote, na mwenyewe hakuwa na habari. Nani hukaa akachunguza ncha za vidole vyake? Alijua tu kwamba kurasa za gazeti zilimteleza, na kwamba mkewe, Nadine, alizoea kumfungulia mifuko ya plastiki bila kuombwa. Aliyemjulisha ni serikali, tena kwa barua ya mistari miwili: kadi zako za alama za vidole hazisomeki, lete nyingine.

Barua hiyo ilifika Machi mwaka 2008, na chanzo chake kilikuwa roketi.

Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, ngano ikishavunwa, watu wazima ishirini na kitu walikusanyika shambani kwa Wendell Oakes kurusha roketi walizojijengea. Kulikuwa na walimu, wakulima, mfamasia, fundi bomba, na Leland. Ya Leland ilikuwa na urefu wa futi kumi na mbili. Aliijenga gerejini kwake kwa miaka sita, akalipiga msasa kila pezi kwa mkono, akaiita Ottilie, jina la marehemu mama mkwe wake, kwa sababu, alisema, naye alikuwa mrefu, mwembamba, na akishawaka hakuna wa kumzima. Nadine alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda kununua rangi ya samawati aliyoipenda mama yake, akaipaka mwenyewe.

Ottilie ndiye angempatia Leland daraja la tatu, la juu kabisa kwa warusha roketi. Masharti ya chama chao ni magumu lakini yana akili: roketi uijenge mwenyewe, injini uinunue na kuitia mwenyewe, kitufe ukibonyeze mwenyewe, na mashahidi wawili waione ikipanda na kushuka salama. Kisha kadi inajazwa kwa jina lako. Leland aliitaka kadi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa amejenga makanisa mawili, shule moja, benki na nusu ya maduka ya barabara kuu, na hakuna ukuta hata mmoja wenye jina lake. Jiwe la msingi la shule lina jina la meya, ambaye hakubeba hata ndoo ya maji.

Na ilibidi iwe Agosti hiyo. Wendell alikuwa amewakodisha shamba watu wa mapanga ya kuzalisha umeme kwa upepo, na ujenzi ungeanza Septemba. Mapanga yakishasimama, hakuna tena kurusha kitu pale. Shamba jingine la kufaa lilikuwa mwendo wa saa saba kwa gari, na magoti ya Leland yalikuwa yanalalamika hata kwa safari ya kwenda kwa daktari wa meno.

Sasa sheria. Injini ndogo za roketi zinauzwa dukani kando ya wanasesere. Mtoto anazinunua akitoka shule. Lakini injini ikibeba zaidi ya gramu sitini na mbili na nusu za fueli, wakati ule serikali iliihesabu kuwa baruti, na mnunuzi alitakiwa awe na kibali kama mtu anayepasua miamba. Fueli yenyewe ni kitu kigumu, kinanepa kidogo ukikibonyeza kama kisigino cha kiatu. Ukiipiga nyundo, nyundo inadunda. Ukiiwasha inaungua kwa kelele, basi, hailipuki. Leland alimweleza hivyo kila aliyekubali kusikiliza, na wote walikubaliana naye, isipokuwa fomu. Fomu ilitaka picha mbili, kadi mbili za alama za vidole, nakala kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, na mkaguzi aje atazame injini itawekwa wapi.

Alama za kwanza zilichukuliwa Januari, ofisini kwa sherifu, na Marlys, askari wa kike ambaye baba yake alisoma darasa moja na Leland.

"Lete mkono, mzee. Legeza. Legeza nimesema, sikupeleki jela."

"Nimelegea hivi."

"Umelegea wapi, umekakamaa kama mlango wa kanisa." Alikiviringisha kidole kwenye wino, akakiviringisha kwenye kadi, akainama kutazama. "Hee! Leland, umevipeleka wapi vidole vyako?"

"Si hivyo hapo umevishika?"

"Naona doa tu. Doa, doa, na hili hapa doa. Ungeiba benki yote ile, tusingekupata hadi leo."

"Benki ile niliijenga mimi. Ningetaka kuiba ningejiachia mlango."

Walicheka. Machi, kadi ziliporudi, walicheka kidogo. Marlys akampaka losheni, akavisugua vidole kwa barafu, akapeleka nyingine. Mwisho wa Aprili zikarudi na barua ileile ya mistari miwili, na hapo hakuna aliyecheka.

Siku hiyo Leland alipotoka kwa sherifu aliingia duka la bunduki lililo mkabala. Alikuwa amesikia jambo na alitaka kulithibitisha. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Dewitt, alikuwa anachokonoa meno.

"Nataka baruti nyeusi," Leland alisema.

"Ya gobori?"

"Ninalo gobori la babu wa babu yangu, liko ukutani."

"Basi imekwisha hiyo. Makopo mangapi? Sheria inakuruhusu mpaka ratili hamsini."

"Bila kibali? Bila vidole?"

"Vidole vya nini, mzee wangu? Hii ni ya mchezo tu."

Akanunua kopo moja, akalipeleka nyumbani, akaliweka katikati ya meza ya jikoni. Nadine alikuwa anakanda unga wa mikate ya kabichi na nyama.

"Nini hicho mezani pangu?"

"Baruti."

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Ukiikosea inang'oa hili paa."

"Na ile ya Ottilie?"

"Ile hailipuki."

"Na uliyonyimwa ni ipi?"

Nadine akajifuta mikono kwa aproni. "Haya, niondolee hiyo uliyoruhusiwa. Nataka kuandaa chakula."

Kesho yake alipiga simu kwenye ofisi inayotoa vibali. Alisubiri kwa dakika hamsini akipigiwa muziki wa harusi, kisha akajibiwa na karani mwenye sauti ya mtu anayetafuna.

"Bwana Brungardt, mfumo hauzisomi alama zako."

"Kwa sababu hazipo."

"Kila mtu anazo, bwana."

"Mimi nakwambia sina. Zimelika."

"Unafanya kazi gani?"

"Mwashi."

"Ahaa. Basi pumzisha mikono wiki sita, zitaota."

"Na wiki sita hizo nile nini?"

"Hilo haliko kwenye fomu, bwana."

Leland aliweka simu chini akakaa akiitazama. Wakati huo alikuwa anajenga ukumbi wa parokia. Kuta zilikuwa zimefika kifuani, na kilichobaki ni kile alichokisubiri tangu mwanzo: tao la matofali juu ya mlango mkubwa, ambalo Padri alimwachia alichore mwenyewe. Alihesabu wiki kwenye kalenda ya duka la mbegu. Mei, Juni. Ukifanya hivi unawahi Agosti, usipofanya huwahi. Akaenda kwa Padri, kofia mkononi, akaiacha kazi. Ikapewa fundi mmoja kijana kutoka kaunti ya pili, mwenye gari jipya na haraka nyingi. Tao likasimama limeinamia kushoto. Tangu hapo kila Jumapili Leland alipita chini ya tao lile kwenda kunywa kahawa baada ya misa, na kila Jumapili kahawa ilimshinda.

Nadine ndiye aliyeshika matibabu. Alimpaka mafuta ya kopo la kijani, yale wanayopakwa ng'ombe viwele vikipasuka, akamvisha glovu nyeupe za pamba alizozitoa kwenye sanduku la mama yake. Fikiria mwashi wa miaka sitini na mbili, kifua kama pipa, ameketi mkahawani kati ya wenzake, mikononi glovu za bibi kizee.

"Leland, umechumbiwa?"

"Muulizeni anakamuliwa asubuhi au jioni."

"Mwacheni, bwana, anaenda kumwamkia malkia."

Alikula mkate wa kabichi kwa uma, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na wakacheka mpaka mwenye mkahawa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Yeye aliinamia sahani. Kilichomchefua si utani wao, maana angekuwa upande wao angetania zaidi. Kilichomchefua ni kwamba walikuwa na haki.

Wiki ya tano, dole gumba la kushoto likaonyesha mistari. Ilikuwa myembamba, imejipinda vizuri, kama ya mtoto mchanga. Akamwita Nadine dirishani.

"Zinarudi."

"Kweli zinarudi! Tazama hii ilivyozunguka."

"Si vidole vyangu hivi. Ni vidole vya karani."

Lakini alifurahi, na aliona haya kwa furaha hiyo. Kadi za Juni zilikwenda na hazikurudi, na katikati ya Julai mkaguzi akaja.

Aliitwa Tandy, kijana nadhifu, mpole, mwenye kanda ya kupimia mpya kabisa. Injini kubwa za chama kizima ziliwekwa shambani kwa Wendell, kwenye sanduku la chuma lililobandikwa mbao kwa ndani, lina kufuli mbili, na limesimama peke yake mbali na nyumba. Wendell alikuwa na kibali tangu zamani, na wenzake waliandika kwenye fomu zao kwamba wataweka kwake. Tandy alipima kutoka sandukuni hadi barabarani. Akapima tena.

"Pamepungua futi nne."

"Haiwezekani," Wendell alisema. "Sanduku halijaguswa miaka tisa. Kaunti ndiyo iliyopanua barabara hapa mwezi wa nne. Barabara ndiyo imesogea, kijana wangu."

"Naelewa, bwana. Lakini linalosogezeka ni sanduku."

Wendell akaleta trekta. Wakalivuta sanduku futi nne ndani ya mabua ya ngano, watu wazima watatu kwenye jua la Julai, na Tandy akapima, akaandika, akashukuru. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa mkorofi ungemtukana ukalala vizuri.

Baadaye aliketi jikoni kwa Nadine, akala mikate miwili ya kabichi, akaisifu. Macho yake yakaangukia kopo la baruti juu ya friji.

"Hiyo ni yako, Bwana Brungardt?"

"Yangu. Nikamatwe?"

"La, hiyo haituhusu. Si ni ya gobori?" Akafungua faili lake. "Naona tu kadi zako zilisumbua. Kwa nini hukuomba karatasi ya wasiosomeka?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya watu ambao alama zao hazisomeki. Wanaolima, waashi, wapiga chapa, wako wengi. Zikirudi mara mbili, tunaangalia jina tu, tunaendelea."

Leland alikuwa bado amevaa glovu nyeupe.

"Mimi niliongea na ofisi yenu," alisema polepole. "Niliambiwa niache kazi wiki sita. Nimeacha. Kwa nini sikuambiwa habari ya karatasi hiyo?"

"Uliiulizia?" Tandy alisema, bila ubaya wowote.

Leland akainuka, akatoka nje, akasimama kando ya gereji. Akilini aliliona tao la parokia limeinama. Aliona wiki sita za mafuta ya ng'ombe, na ile furaha yake ya kijinga dirishani. Wangemtukana usoni asingejisikia mchafu kiasi hicho. Ndani, Nadine aliiondoa sahani mbele ya mgeni, mkono wa mgeni ukiwa njiani kuelekea mkate wa tatu.

"Hii iliyobaki ni ya mbwa," alisema.

Tandy akavaa kofia yake. Mlangoni Nadine akamuuliza kibali kitafika lini, maana siku ni Agosti kumi na sita na hakuna nyingine. Akasema wiki mbili, tatu kwa kuchelewa sana.

Leland alisubiri. Kila mchana alikwenda kwenye sanduku la barua lililo mwisho wa njia, akarudi na tangazo la matairi. Ijumaa ya tarehe kumi na tano alirudi mikono mitupu. Jumamosi asubuhi alimngoja mleta barua barabarani, na yule bibi akatingisha kichwa kabla hata hajasimamisha gari.

Wakampakia Ottilie hata hivyo. Hewa ilikuwa imetulia, mbingu haina wingu, mabua ya ngano yamekauka yanalia chini ya viatu. Watu wakampisha Leland njia, hakuna aliyetania. Wendell akamvuta kando, karibu na lile sanduku lililosogezwa futi nne.

"Nina injini inayomfaa Ottilie. Nimeinunua mimi, kwa kibali changu. Itie, bonyeza, andika jina lako. Mimi nitatia sahihi, mfamasia atatia yake. Nimeongea na wote. Hakuna mdomo utakaofunguka."

Leland alivua glovu. Akatazama vidole vyake, kumi, vyote vina mistari, safi kama vya kasisi.

"Tangu Januari wananishika mikono kama mwizi, Wendell. Nikiandika uongo leo, watakuwa walinijua tangu mwanzo."

"Acha hizo, bwana. Uongo gani? Roketi si yako?"

"Roketi ni yangu. Injini ni yako, na kibali ni chako."

"Kwa hiyo tumrudishe nyumbani? Mwezi ujao hapa ni zege tupu!"

"Nani kasema arudi nyumbani? Atapanda."

Akaomba kadi na penseli. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, maana hakuwa mwandishi mwepesi: Ottilie. Futi kumi na mbili. Samawati. Kisha, mahali pa jina la mrushaji, akaandika: Wendell Oakes.

Wendell aliisoma akawa mwekundu hadi masikioni. "Mimi sijampiga hata msasa mmoja huyu."

"Tia injini yako ubonyeze, kabla upepo haujaamka."

Wendell akaitia, akabonyeza. Ottilie aliondoka jukwaani kwa kishindo kilichowafikia watu tumboni, akanyooka, akanyooka zaidi, na Nadine, ambaye miaka yote sita alijifanya hajali, akapiga kelele, "Nenda, mama! Nenda!" Alifika futi elfu kumi na moja na ushei. Parachuti ikafunguka, akashuka anayumbayumba, akalala kwenye mabua hatua mia mbili kutoka walipokuwa, bila mkwaruzo. Watu wakashangilia, kisha wakasimama, hawajui wampe nani mkono. Wendell alikuwa ameificha mikono yake mifukoni. Leland alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kumchukua Ottilie wake.

Kibali kilifika Oktoba tarehe tisa, kwenye bahasha kubwa, siku ambayo magari ya zege yalikuwa yamepanga foleni shambani kwa Wendell. Leland alikitia kwenye droo ya visu. Kazini alivaa glovu za mpira, kwa hofu kwamba zile alama zingetakiwa tena, na alijidharau kwa kuvaa. Majira ya kuchipua yaliyofuata ikaja barua nyingine. Jaji alikuwa ameamua kwamba fueli ile inaungua tu, hailipuki, jambo ambalo nyundo ya Leland ilikuwa imelijua siku zote. Kwa hiyo injini hizo zimetolewa kwenye orodha ya baruti, na kibali hakihitajiki tena. Neno samahani halikuwemo. Leland aliigeuza barua akatazama hata nyuma.

Wiki hiyohiyo Padri alimwita. Tao lilikuwa limepasuka kwa baridi, na yule fundi wa haraka hapokei simu. Leland akalibomoa kwa siku mbili, akaanza upya. Asubuhi ya kufunga tofali la juu, lile la katikati linaloshika mengine yote, Nadine alimletea kahawa akamkuta juu ya jukwaa, glovu zimetupwa chini.

"Vaa glovu, wewe! Chokaa itavila tena vidole vyako, na vilikuwa vimependeza."

"Vimempendeza nani?"

Alikuwa amepaka chokaa mbichi mahali ambapo tofali lile lingekaa, ndani kabisa, pasipoonekana na mtu. Akakandamiza dole gumba la kulia, akalitoa. Kisha cha pili, cha tatu, kwa mpangilio aliofundishwa na Marlys, mpaka vyote kumi. Mistari ilitoka vizuri, kila mzunguko wake.

"Haya," alisema. "Wasome."

Akalishika tofali kwa mikono mitupu, akalipachika juu yake, akaligonga na mpini wa mwiko mpaka likakaa sawa.